Daftari la Ataa: Kwa Nini Posho Iliyokwisha Andikwa Haifutiki kwa Urahisi



Ndugu zetu wanaoishi Uingereza na Ujerumani, wanapokuja likizo na kukaa nasi barazani baada ya Alasiri, mara nyingi hutuuliza suala hili: vipi dola zenye nguvu kiasi hicho hushindwa kupunguza, au hata kupanga upya, posho wanazolipwa wasio na kazi, wagonjwa na wazee? Suala lao lina msingi. Mwezi wa Agosti 1931 serikali ya Ramsay MacDonald nchini Uingereza ilivunjika kwa sababu mawaziri wake hawakukubaliana juu ya kukata asilimia 10 ya posho ya wasio na kazi. Na hivi karibuni tu, Julai 2024, serikali mpya ya huko ilitangaza kwamba fedha wanazopewa wazee kila msimu wa baridi kwa ajili ya kupasha joto nyumba zao, pauni 200 au 300 kwa mwaka, zibaki kwa walio masikini peke yao. Haukupita mwaka. Juni 2025 serikali ile ile ikarudi nyuma na kuwarejeshea wengi wao.

Wengi hujibu suala hili kwa haraka: watu wamezoea kula bila ya kufanya kazi. Jibu hili, kwa maoni yangu, ni la uvivu kuliko hao linaowasema. Halielezi kwa nini hata asiyepokea chochote huona uchungu posho ya jirani yake ikikatwa. Wala halielezi kwa nini tishio la kukata dirhamu mia liliwahi kuzusha vita huko Iraq katika zama za mtawala ambaye watu walimwogopa kuliko simba. Sisi wanafunzi wa fiqhi na tarekhe tunao mfano wetu wenyewe, wenye umri wa karibu miaka mia mbili, nao ni Diwani ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Anayeufuata mfano huo tangu mwanzo wake mpaka mwisho ataona kwamba ugumu unaanzia pale mali ya umma inapofungwa kwenye jina la mtu, badala ya kufungwa kwenye sifa iliyomfanya apewe. Sifa huondoka, jina likabaki.

Diwani ilivyoanza

Neno diwani hapa si yule mjumbe wa kata, wala si mkusanyiko wa mashairi, ingawa maana zote mbili zimezaliwa humo humo. Ni neno la Kifursi lililoingia katika Kiarabu kwa maana ya daftari, kisha likaitwa kwalo mahali linapowekwa daftari na wanapokaa makarani wake.

Mali ilipokuja Madina wakati wa Sayyidna Abubakar (R.A.) iligawiwa pale pale, na kwa usawa. Alipotakiwa awazidishie waliotangulia katika Uislamu, imepokewa kwamba jibu lake lilikuwa na maana hii: kutangulia kwao ni jambo ambalo malipo yake yako kwa Allah, ama hii ni riziki ya watu ya kuishia, na katika riziki usawa ni bora. Sayyidna Umar (R.A.) aliona vingine. Hakuwa tayari kumfanya sawa aliyepigana dhidi ya Mtume (S.A.W.) na aliyepigana pamoja naye. Rai hizi mbili msomaji azishike vizuri, kwani tutazikuta tena Ujerumani.

Kisha nchi zikafunguliwa na mali ikaongezeka. Abu Huraira (R.A.) aliporudi kutoka Bahrain na dirhamu 500,000, Sayyidna Umar hakuisadiki hesabu hiyo mpaka ilipokaririwa. Ndipo aliposhauriwa aweke daftari, nalo likawekwa mwaka wa 20 Hijria kwa kauli mashuhuri, na wengine wakasema mwaka wa 15. Walioliandika ni watu watatu mabingwa wa nasaba za Makureshi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubair bin Mut'im. Wakaanza na jamaa wa Mtume (S.A.W.), kisha walio karibu nao. Waliohudhuria Badr waliandikiwa dirhamu 5,000 kwa mwaka, waliowafuatia 4,000, wengine 3,000 na 2,000, mpaka ikafika kwenye mia chache kwa waliosilimu mwisho. Mwanawe mwenyewe, Abdullah bin Umar, aliandikiwa pungufu ya Usama bin Zaid. Alipouliza sababu akajibiwa kwamba baba yake Usama alikuwa kipenzi zaidi kwa Mtume kuliko baba yake yeye.

Tuangalie nini kilichofanyika hapa. Mali ya fai, ambayo jana ilikuwa ni fungu linalokuja na kwisha, leo imekuwa kiasi maalumu cha mtu maalumu kwa wakati maalumu. Hii ilikuwa rehma kubwa. Mjane wa Madina alijua mwaka ujao atapata nini, aliweza kukopa kwa kutegemea ataa yake, aliweza kumwozesha binti yake. Lakini mtu akishajua mwaka ujao atapata nini, basi ameshaupanga mwaka huo. Ukimpunguzia baadaye hujamnyima zawadi, umemvunjia nyumba aliyokwisha ijenga. Makarani hawa watatu walikuwa wanaandika majina tu, lakini kila mstari walioutia wino ulikuwa tayari na maisha ya watu nyuma yake.

Kisa cha mtoto anayelia

Mwanzoni Sayyidna Umar hakuwaandikia watoto ataa mpaka waache ziwa. Usiku mmoja alikuwa akizunguka kuulinda msafara uliotua karibu na Madina, akamsikia mtoto analia. Akamwendea mama yake na kumtaka amtulize, akarudi mara ya pili na ya tatu, na mtoto bado analia. Mwishowe yule mwanamke, bila ya kumjua anayesema naye, akamweleza kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati wake kwa sababu Umar hamwandikii isipokuwa aliyeacha ziwa. Imepokewa kwamba siku hiyo alisalisha Alfajiri na watu hawakuweza kukisikia vizuri kisomo chake kwa kilio. Kisha akaamuru itangazwe kila mji: msiwaharakishe watoto wenu kuacha ziwa, kwani kila anayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa.

Khatibu zetu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya huruma ya Sayyidna Umar, na ni haki yao. Mimi huwaomba wanafunzi wangu wakiangalie na kwa jicho jengine. Kwanza, sharti moja dogo ndani ya daftari liliubadilisha mwenendo wa kina mama ndani ya nyumba zao, tena bila ya yeyote kati yao kuwa na nia mbaya. Wanaotunga sheria za posho leo husumbuka na jambo hili hili: ukimpa mtu kwa sharti la kuwa katika hali fulani, wengine wataiendea hali hiyo. Pili, marekebisho haya yalikamilika kati ya usiku na Alfajiri. Hapakuwa na baraza wala fitna. Kwa nini? Kwa sababu yalikuwa ni ya kuongeza. Tunapofika kwenye ya kupunguza tutaona tofauti.

Nia isiyotimia, na daftari lililonenepa

Mwishoni mwa uhai wake Sayyidna Umar mwenyewe alianza kuiona hatari ya tofauti zile kubwa. Abu Ubaid na Abu Yusuf wamepokea kwamba alisema, akiishi mpaka mwaka ujao, atawaunganisha watu wa mwisho na wa mwanzo mpaka wawe sawa. Hakuishi. Aliuawa mwishoni mwa mwaka wa 23 Hijria (644). Sayyidna Ali (R.A.) alipoingia madarakani aliurudisha usawa wa Abubakar, na manung'uniko ya wakubwa wa makabila yalikuwa ni moja katika mizigo aliyoibeba mpaka kufa kwake mwaka wa 40. Baada yake tofauti zikarudi. Ikiwa Umar aliyeiweka hakuiwahi, na Ali kwa elimu yake na uadilifu wake haikumdumu, basi asije mtu akatwambia kwamba tatizo ni udhaifu wa viongozi peke yake.

Wakati huo daftari lilikuwa linakua. Al-Baladhuri ametaja kwamba katika zama za Ziyad waliokuwamo katika diwani ya Basra walikuwa wapiganaji 80,000 na watu wa nyumba zao 120,000, na Kufa wapiganaji 60,000 na watu wa nyumba zao 80,000. Kwa Misri, al-Maqrizi amepokea kwamba Muawiya aliweka katika kila kabila mtu anayezungukia mabaraza yao kila asubuhi akiuliza: je, usiku kuna aliyezaliwa kwenu? Je, kuna mgeni aliyeingia? Akitajiwa, huenda diwanini na jina likaandikwa. Mtu wa kuandika waliozaliwa alikuwapo, tena kila siku na kabla jua halijapanda. Wa kufuta waliokwisha acha kupigana, au waliokwisha tajirika kwa biashara, hana nafasi katika habari hii.

Halafu walikuwapo maarifu. Arif ni mkuu wa kikundi, ambaye hupokea ataa ya watu wake na kuwagawia. Heshima yake mtaani na sauti yake mbele ya gavana, vyote vilitokana na daftari kuwa kama lilivyo. Dukani nako muuza nguo aliwakopesha watu kwa kungoja siku ya ataa. Kwa hiyo ukigusa mstari mmoja unamgusa mwenye jina, na mkewe, na arif, na muuza nguo, wala hawa wa mwisho hawamo daftarini hata kidogo. Hili ndilo linalofanya hata asiyepokea aumie.

Dirhamu mia za Ibn al-Jarud

Mus'ab bin Zubair alipokuwa anatawala Iraq kwa niaba ya ndugu yake aliwaongezea watu dirhamu mia katika ataa. Bila ya shaka lengo lilikuwa ni kuwavuta. Mus'ab akauawa, Iraq ikarudi kwa Bani Umayya, na gavana wao Bishr bin Marwan akaiacha nyongeza ile kama ilivyo. Mwaka wa 75 Hijria (694–695) akaja al-Hajjaj bin Yusuf. Akawatangazia kwamba nyongeza hiyo imetoka kwa mtu fasiki na yeye haipitishi. Akasimama Abdullah bin al-Jarud, bwana mkubwa wa kabila la Abdul Qais, akamjibu: hii si nyongeza ya Ibn Zubair tena, bali ni nyongeza ya Amirul Muuminina Abdul Malik, aliyeipitisha kupitia kwa ndugu yake Bishr. Al-Hajjaj akalinyamazia jambo kwa muda, kisha akalirudia, na watu wakamtoka kwa silaha. Alikaribia kushindwa. Hema zake ziliporwa. Mwisho Ibn al-Jarud aliuawa kwa mshale na fitna ikazimwa.

Mimi nimeisomesha habari hii mara nyingi, na kila mara hoja ya Ibn al-Jarud hunisimamisha. Kama hoja ya kisheria ina nguvu. Mtu anapewa kitu na adui wa dola, kisha dola inashinda na kuendelea kumpa. Sasa aliyempa ni nani? Kila mtawala anayepita bila ya kukata huwa ameridhia, na ridhaa ya watawala wawili watatu ikifuatana, zawadi huanza kuitwa haki. Aliyeitoa mwanzo husahaulika, na aliyesimama kuikata ndiye anayeonekana kuwa mzushi.

Umar bin Abdul Aziz (99–101 Hijria, 717–720) alikuta daftari lina tatizo kutoka upande wa pili. Ujumbe uliomfikia kutoka Khurasan ulimweleza kwamba mawali 20,000, yaani Waislamu wasiokuwa Waarabu, wanapigana bila ya ataa wala riziki. Sifa iliyoanzishia daftari, ambayo ni kupigana jihadi, wanayo kamili. Walichokosa ni jina. Huku mijini wapo wenye jina ambao upanga hawajaushika tangu kuzaliwa. Akaamrisha mawali waingizwe, na wakati huo huo akaanza kurudisha mali zilizochukuliwa na jamaa zake wa Bani Marwan, akianza na za kwake mwenyewe. Jamaa walimtuma shangazi yake, Fatima bint Marwan, kwenda kumlalamikia. Hakurudi nyuma, lakini utawala wake haukufika miaka mitatu, na waliokuja baada yake walirejesha mengi.

Wanafunzi wa nahau wanamjua Umar huyu kwa lakabu ya al-Ashajj, kwa kovu lililokuwa usoni pake, kwani vitabu vya nahau humtaja pamoja na mwengine aitwaye an-Naqis kuwa ndio waadilifu wa Bani Marwan, kama mfano wa af'alu tafdhil. Mfano huo husomeshwa, irabu ikatolewa, na mwalimu asiseme huyu an-Naqis ni nani. Ni Yazid bin al-Walid, aliyetawala mwaka wa 126 Hijria (744) kwa muda wa kiasi cha miezi sita. Mtangulizi wake, al-Walid bin Yazid, alipoingia aliwaongezea watu kumi kumi katika ataa. Yazid akairudisha ataa kama ilivyokuwa wakati wa Hisham. Hakukata zaidi ya hapo. Naye alikuwa mtu wa ibada, mwenye kuahidi uadilifu katika hotuba yake ya kwanza. Lakini kwa kumi zile tu watu walimpa jina la an-Naqis, Mpunguzaji, na jina hilo limekaa vitabuni miaka 1,300, huku aliyeongeza bila ya kufikiri hazina itatoa wapi hakupewa lakabu yoyote kwa kitendo hicho.

Mwisho wa daftari la makabila unajulikana. Mwaka wa 218 Hijria (833) Khalifa al-Mu'tasim, ambaye jeshi lake sasa lilikuwa la Waturuki, alimwandikia gavana wake wa Misri awaondoe Waarabu katika diwani na kuwakatia ataa. Yahya bin al-Wazir al-Jarawi akatoka na watu wa Lakhm na Judham, hoja yao ikiwa kwamba wamezuiliwa haki yao na fai yao. Al-Kindi, mwandishi wa habari za magavana wa Misri, ametaja kwamba walikuwa kiasi cha watu 500, na mwaka uliofuata walivunjwa. Basra ya Ziyad peke yake ilikuwa na wapiganaji 80,000 daftarini, na siku ya kufutwa Misri wamesimama 500. Maana yake ni kwamba nguvu ya watu wa daftari ilikuwa imekwisha zamani. Ataa haikufutwa mpaka wenye nayo waliposhindwa kuipigania, na baina ya siku haja ya kuwalipa ilipokwisha na siku waliyoacha kulipwa pamepita miaka mingi sana.

Mafuqaha wanasemaje

Katika al-Ahkam as-Sultaniyya, Imam al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria, 1058) ameligawa jambo hili kwa namna ambayo ningependa kila waziri wa fedha aisome. Ataa ambayo wakati wake umeshafika, na mali ipo Baytul Maal, ni deni. Mwenye nayo anaweza kuidai kama wadai wengine wanavyodai, na akifa warithi wake huirithi. Ama kumwondoa mtu daftarini kwa siku zijazo, mtawala anayo ruhusa iwapo ipo sababu inayolazimisha, na haijuzu bila ya sababu. Kwa hiyo kuna vitu viwili hapa. Kilichokwisha wajibika ni milki. Kinachotarajiwa si milki, lakini pia si cha kuchezewa. Ugomvi mwingi wa posho, wa jana na wa leo, hutokana na mpokeaji kuliona tarajio lake kuwa ni milki, na mtawala kuiona hata milki kuwa ni tarajio.

Zaka iko mbali na diwani katika jambo hili. Aya ya 60 ya Suratut Tawba haikutaja jina la mtu wala kabila. Imetaja sifa: fukara, masikini, mwenye deni, aliyekatikiwa njiani na waliobaki. Na kanuni ya usuli ni kwamba hukumu huzunguka pamoja na illa yake, ikiwapo nayo ipo, ikiondoka nayo huondoka. Mwenye deni akishalilipa ametoka, bila ya kufutwa na yeyote.

Lakini tusijidanganye kwamba sifa zote ni sepesi. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wote waliofika miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na ugomvi wa nani anastahiki haukuwa mkubwa, kwani umri ni sifa inayopimika, na aliyefika 70 harudi 69. Kukosa kazi ni sifa ya namna nyengine. Huja na kuondoka, na nusu yake imo ndani ya kifua cha mtu: je, ameitafuta kazi kweli? Watu wawili wenye nguvu walimwendea Mtume (S.A.W.) katika Hija ya kuaga wakitaka sadaka. Akawatazama juu mpaka chini, kisha akawaambia kwa maana kwamba wakitaka atawapa, ila tajiri hana fungu humo, wala mwenye nguvu anayechuma. Hadithi hii imo kwa Abu Daud na an-Nasai. Wengi wetu huishika nusu ya pili na kuiwacha ya kwanza. Aliwaonya, kisha uamuzi akauweka katika dhima yao. Hakuwatumia mpelelezi. Na Imam an-Nawawi ameeleza katika al-Majmu' kwamba mwenye uwezo wa kuchuma asipompata wa kumwajiri, zaka ni halali kwake. Nguvu za mikono pasi na ajira hazimfanyi mtu kuwa tajiri. Kwa hiyo anayedai kwamba fiqhi haimjui mtu asiye na kazi, hajaifungua.

Ujerumani baada ya 2003

Sasa turudi kwa ndugu zetu wa Ulaya. Ujerumani ndiyo iliyotangulia dola nyengine za sasa kutunga sheria za bima ya jamii: ya maradhi 1883, ya ajali kazini 1884, ya uzee na ulemavu 1889, na ya kukosa kazi 1927. Kufikia mwisho wa karne ya 20, aliyepoteza kazi huko alilipwa kwanza posho ya bima. Hiyo ikimalizika, aliingia katika posho ya pili ambayo haikuwa na mwisho maalumu, na kipimo chake kilikuwa ni mshahara wake wa zamani. Pembeni kulikuwa na msaada wa tatu kwa masikini wasiokuwa na kitu.

Machi 2003 Kansela Gerhard Schröder alitangaza mabadiliko. Tarehe 1 Januari 2005 posho ya pili na ile ya tatu ziliunganishwa ikawa moja, ya kiwango kimoja kwa wote: yuro 345 kwa mwezi kwa mtu mmoja upande wa magharibi na 331 upande wa mashariki, pamoja na kodi ya nyumba. Katika majira ya joto ya 2004 watu wa miji ya mashariki walikuwa wakiandamana kila Jumatatu. Schröder alishindwa katika uchaguzi wa 2005, na baadhi ya watu wa chama chake waliondoka na kushiriki kuunda chama cha Die Linke mwaka 2007.

Sitaki kuwadhulumu walioandamana. Fundi aliyefanya kazi miaka 30 na kukatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya bima, akawekwa kiwango kimoja na ambaye hajapata kufanya kazi, alikuwa anaiuliza hasa ile khitilafu ya Abubakar na Umar: je, tugawe kwa haja au kwa kutangulia? Serikali ilichagua haja. Moyo wa fundi ulikuwa kwenye kutangulia. Hakuna hesabu ya uchumi inayoweza kulitatua hilo, kwani kila upande umeshika aina ya uadilifu, na ndiyo maana baadhi ya mabadiliko hayakudumu. Muda wa juu wa posho ya bima kwa wazee wa kazi, uliokuwa umeshushwa kutoka miezi 32 hadi 18, ulipandishwa tena kufika 24 mwaka 2008. Kisha Novemba 2019 mahakama ya katiba ikasema serikali haiwezi kumwadhibu asiyetii masharti kwa kumkatia zaidi ya asilimia 30 ya posho, kwa sababu kima cha chini cha kuishi kimefungamana na utu wake. Majaji wale hawakumsoma al-Mawardi, lakini walikuwa wanautafuta mpaka ule ule wa wapi ruhusa ya mtawala inakoma. Mwaka 2023 posho hiyo ikapewa jina jipya la Bürgergeld, na mabishano hayakwisha.

Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2012 ya kuziunganisha posho sita kuwa moja. Walitaraji kazi hiyo imalizike 2017. Mwaka 2025 walikuwa bado wanawahamisha watu wa mwisho. Hapo hata mtu asipopunguziwa, kule kuhamishwa tu kutoka daftari moja kwenda jengine ni hatari kwake: wiki kadhaa bila ya fedha, na kodi ya nyumba haingoji. Aliyekwisha sikia neno marekebisho mara tatu, na kila mara likaja na kupunguziwa, ana haki ya kuliogopa mara ya nne hata kama safari hii ni la kheri kwake.

Daftari zetu za zaka

Jambo hili halikuishia kwa makhalifa na makansela. Maimamu wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba kamati nyingi za zaka zina daftari lao. Katika msikiti mmoja wa pwani nilipokaa katika kamati hiyo kwa miaka, orodha ilikuwa inanakiliwa kila Shaabani kutoka ya mwaka uliopita. Alikuwamo mzee ambaye mwanawe anamtumia fedha kutoka Muscat, naye bado yumo. Alikuwapo mwanamke aliyeachwa mwezi wa Rajab na watoto wanne, amepanga chumba nyuma ya msikiti huo huo, naye hayumo, kwani orodha ilishafungwa. Vijana wakataka orodha yote ichanwe ianzwe upya. Wazee wakakataa, na hawakukataa kwa ubaya: miongoni mwa majina yale kuna ambaye ameshamuahidi mwenye duka kwamba atamlipa Ramadhani.

Tulichokubaliana ni kwamba waliomo wasiguswe mwaka ule. Wapya waandikwe katika kitabu chengine chenye safu tatu: jina, sifa iliyomfanya astahiki katika zile nane, na mwezi wa kumwangalia tena. Tukarudi pia katika khitilafu ya mafuqaha juu ya kiasi cha kutoa, ambayo tulikuwa tunaisomesha darsani bila ya kuitumia. Kauli ya Kimaliki na Kihanbali ni kumtosheleza mtu mwaka mmoja. Kauli inayotegemewa kwa Mashafi, nayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu pwani, ni kumpa kinachomtosha umri wake, na kwa mwenye ufundi ni bei ya vyombo vyake hata ikiwa kubwa. Cherehani moja ina thamani ya bahasha nyingi za Ramadhani. Wajumbe wengine waliona uzito, kwani fedha za kununulia cherehani moja zikigawiwa kwa watu ishirini, watu ishirini watashukuru na jina la msikiti litapanda.

Suala lililobaki mezani ni la mzee aliyefariki akiwa katika orodha ya zamani, na mkewe akaja kuulizia nafasi yake. Aliyekuwa ameshatengewa na kuzungumzwa jina lake kabla hajafa, baadhi ya wajumbe waliona apewe mjane kama urithi, wakikisia juu ya ataa. Kisio hicho hakisimami. Ataa iliyofika wakati wake ni deni la mtu maalumu, na zaka haimilikiwi na fukara maalumu mpaka aikabidhiwe, madhali wanaostahiki hawakudhibitika kwa idadi. Mjane haingii kwa nafasi ya mumewe. Anaangaliwa yeye, ana nini na hana nini, na akikutwa na sifa ya ufukara anaandikwa katika kitabu kipya kwa jina lake mwenyewe, pamoja na mwezi wa kuangaliwa tena.